Kutoka kamba mpaka kioo: namna kina cha maziwa yetu kilivyojulikana

"Mwanangu, ile televisheni ndogo iliyo mbele ya nahodha, inatulinda ao inaonyesha rangi tu?"

Mama mmoja aliyekimbia vita huko Kalehe aliniuliza hivyo ndani ya boti, tukitoka Bukavu kwenda Goma. Namba kwenye kioo zilikuwa zinawakawaka, kisha zikapotea kabisa. Abiria wakaanza kunong'onezana, naye nahodha hakusema neno. Siku ile nilimjibu mama kwa kifupi. Leo, ndugu wasikilizaji, nanyi mnaosoma mkiwa kambini, nawaletea jibu kamili. Sehemu ya historia hii ilitokea hapa kwetu.

Zamani kina cha maji kilipimwa kwa kamba ao waya wenye uzito. Unashusha, unangoja uzito uguse chini, unahesabu, unavuta tena. Kati ya 1911 na 1913, Mbelgiji Louis Stappers alichunguza Ziwa Tanganika na Ziwa Mweru. Kule Tanganika alipata vipimo vinavyopita mita 1,400. Fikirieni kazi ya kushusha na kupandisha waya mrefu hivyo, kwa ajili ya namba moja tu.

Wakati huohuo, mnamo Aprili 1912, meli Titanic iligonga mwamba wa barafu na kuzama. Msiba ule uliwasukuma wataalamu kutafuta njia ya kutambua hatari majini. Mjerumani Alexander Behm alijaribu kutumia mwangwi ili aone barafu. Akagundua kwamba mwangwi unafaa zaidi kupima kina, na mwaka 1913 akapewa hati ya uvumbuzi. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa Paul Langevin alitumia jiwe la kwazi kutoa sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, akiwinda manowari za adui. Vyombo vya leo vinafuata njia hiyohiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Ndani ya maji sauti inakwenda karibu mita 1,500 kila sekunde. Ikiondoka kwenye boti na kurudi baada ya nusu sekunde, imetembea mita 750. Hiyo ni kwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili: chini yenu kuna mita 375.

Chombo cha mwangwi kilifika kwetu na ujumbe wa Wabelgiji uliochunguza Tanganika mwaka 1946 na 1947. André Capart alichora ramani ya kina iliyotolewa mwaka 1949. Ndipo ikajulikana kwamba Tanganika linafika mita 1,470. Kivu letu linafika mita 485.

Upande wa pili wa kile kioo, wenye ramani na kijimshale, unaitwa GPS. Ulianza kama kazi ya jeshi la Marekani, na satelaiti za kwanza zilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikaangushwa na Wasovieti, wakafa watu 269. Baada ya hapo Marekani ikaahidi kwamba raia nao watatumia mfumo huo. Hata hivyo mawimbi yao yalipotoshwa kwa makusudi, kosa likaweza kufika mita 100, mpaka Mei 2000.

Sasa, kwa nini namba zilipotea siku ile? Nahodha alinieleza tulipofika bandarini. Chombo chake kinatoa sauti ya kilohezi 200, inayofaa maji mafupi. Katikati ya Kivu mwangwi unachoka kabla ya kurudi. Sauti nzito zaidi, ya kilohezi 50, ingefika mbali. Kwa hiyo namba zikipotea penye kina kirefu, mara nyingi chombo hakijaharibika. Zikipotea karibu na ufuko, hapo angalia sababu: sonda iliyo chini ya boti inaweza kuwa na matope ao majani, mapovu ya mota yanaweza kupita mbele yake, batri inaweza kuwa dhaifu, ao waya umeingia kutu. Tena, namba inayowakawaka bila kubadilika inaweza kuwa kipimo cha zamani. Usiiamini.

GPS nayo ina mtego wake. Ramani za wakati wa ukoloni hazikuchorwa kwa vipimo vinavyotumiwa na satelaiti. Ukichukua alama ya mwamba kutoka karatasi ya zamani na kuiingiza kwenye chombo bila kuirekebisha, inaweza kukosea kwa mita zaidi ya mia. Usiku, mita mia ni kati ya kupita na kugonga.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kioo hakionyeshi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, watu wakabanana ndani ya boti. Makumi walikufa ng'ambo ikiwa imeshaonekana. Pale hapakuhitajika chombo cha kutafuta njia, maana bandari ilikuwa mbele ya macho. Chombo kinapima maji yaliyo chini ya boti. Hakihesabu watu waliomo, wala hakiwagawii jaketi za kujiokolea.

Basi mama yangu wa Kalehe, jibu ni hili: ile televisheni inamsaidia nahodha anayejua kuisoma. Lakini kabla ya kupanda, wewe tazama ubavu wa boti uone umebaki juu ya maji kiasi gani, na uulize jaketi ziko wapi. Ukiona limejaa mno, ngoja lingine, hata kama mizigo yako imeshapakiwa.