Waliofundishwa Kusoma, Wakakosa Hadithi

Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Ilikuwa miaka minne tu tangu Bunge litunge sheria ya huduma za maktaba. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: sensa ya mwaka huohuo ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika.

Kabla ya hapo mzigo wa vitabu ulibebwa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, makao yake Nairobi. Lilisambaza masanduku ya vitabu, likawaazimisha wasomaji wa mbali kwa njia ya posta, na papo hapo likachapisha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka kwao mwaka 1971. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ikafuata mwaka 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba akapendwa mno. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo likasambaratika.

Wakati huo Tanzania ilikuwa katikati ya kazi kubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaingia kila mahali: shuleni jioni, makanisani, misikitini, chini ya miembe. Mtu aliyemaliza darasa la saba alimfundisha jirani yake, pengine mama yake mzazi. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa, na wasiojua kusoma wakaonekana kushuka hadi asilimia 39. Mwaka 1986 walihesabiwa kuwa kama asilimia 10. Ni nchi chache maskini zilizopata kufanya jambo hilo.

Lakini tazama watu hao walisomeshwa nini. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Vilikuwa vya manufaa, sikatai. Maktaba za vijiji zilipofunguliwa ili kisomo kisipotee, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho yalipoanza kutoka Mwanza mwaka 1974, kipaumbele kilibaki kwenye maarifa ya kazi. Hadithi ilihesabiwa kuwa anasa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipojikwaa, maana mkulima akishajua kupalilia hana sababu ya kurudia kitabu cha kupalilia. Riwaya nzuri humfanya atafute nyingine.

Kisha mambo yakawa magumu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya karatasi iwe adimu, na vitabu vipya vikaacha kufika vijijini. Wachapishaji waliosalimika walikimbilia vitabu vya shule, kwa kuwa ndivyo vyenye mnunuzi wa uhakika. Riwaya ikaishi kwa kuingia kwenye mtaala. Hata leo kumbi nyingi za maktaba hujaa wanafunzi wenye madaftari yao wenyewe, wakijiandaa kwa mtihani. Rafu zimesimama nyuma yao.

Njia za kutoka hapo zimeshajaribiwa humuhumu nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vyenye redio na kitabu, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakijadili. Maktaba ya wilaya inaweza kuendesha kikundi cha namna hiyo kwa riwaya, kila wiki, bila gharama kubwa. Na tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto ulinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni, ndipo wachapishaji wakathubutu kutoa hadithi za Kiswahili.

Basi madiwani na wakurugenzi wa halmashauri, mnapokaa kupanga bajeti, tengeni fungu la kununua riwaya na mashairi ya Kiswahili kwa ajili ya maktaba zenu, na mlitenge kila mwaka.