Risasi ndani ya magurudumu: historia fupi ya uzito na mshiko

Leo sileti siasa wala matokeo ya mitihani. Naleta gurudumu.

Mwaka jana binamu yangu alikuja Bukavu kwa likizo kutoka Marekani. Alipoondoka akaniachia gari yake ya telekomandi iliyoharibika, akisema: "Weye njo enjenyeri, tengeneza." Si ile gari ya watoto ya kukimbia uani. Hii ni ya kupanda mawe: mipira mikubwa na laini, mota inazunguka taratibu, inatembea kama kinyonga. Nikafungua magurudumu ya mbele, nikakuta vipande vya metali ya kijivu vimegandishwa kuzunguka rimu. Nikapaza sauti: "Kumbe kuna risasi ndani!" Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Katika mji wetu hilo neno halisemwi ovyo. Ikabidi nimweleze kwamba ni risasi ile ya betri za gari, ile ambayo garaji wanabandika kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Akarudi jikoni akiguna.

Magurudumu ya nyuma hayakuwa na kitu. Risasi ilikuwa mbele tu. Hapo nikakumbuka aibu yangu moja ya zamani, na hiyo aibu njo iliyonifanya nitafute hii historia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa politekniki. Mjomba wangu ni shofere wa pikapu, na kila msimu wa mvua, akienda Uvira bila mzigo, anaweka mifuko sita ya mchanga nyuma. Mimi nilikuwa nimetoka kufaulu fizikia, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nikamwambia: "Mjomba, hiyo mifuko inakula mafuta bure. Ukiongeza uzito, mshiko unaongezeka, lakini na ule uzito unaokuvuta chini ya mlima unaongezeka sawasawa. Kwenye hesabu masi inafutika." Nikamwandikia na fomula juu ya karatasi ya sigara. Akaniangalia kidogo, akasema: "Basi tuishushe, tuone." Tukaishusha.

Kwenye mpando wa Ngomo, mvua ikanyesha. Magurudumu ya nyuma yakaanza kupatina, pikapu ikarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, upande ule wa bonde. Mjomba akakamata frein ya mkono, akanituma kutafuta mawe ya kuzuia mipira. Tulilala humo, njaa na baridi, na kila lori iliyopita ilitutikisa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, usiku kati: "Mupwa wangu, ile masi imefutikia wapi?"

Sasa, fomula yangu haikuwa ya uongo. Ilitoka kwa Guillaume Amontons, Mfaransa, aliyeeleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1699 kwamba msuguano unaongezeka kwa kipimo kilekile cha mzigo. Coulomb akaichunguza upya na kuipa nguvu katika miaka ya 1780. Kosa langu lilikuwa mahali pengine, na watu waliolitatua hawakuwa wanaakademia. Walikuwa watu wa migodi ya makaa ya mawe huko Uingereza.

Mwaka 1804, kule Wales, Richard Trevithick aliendesha mashine ya mvuke juu ya reli laini, ikavuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70. Magurudumu yake ya chuma hayakuwa na meno, na yalishika. Shida ilitoka chini: mashine ilikuwa nzito, na reli za wakati ule, za chuma cha kuyeyusha na kumimina, zilikuwa zinavunjika. Hapo wenye migodi wakabaki wamebanwa. Ukifanya mashine nzito, unavunja njia. Ukiifanya nyepesi, wengi waliamini magurudumu yatazunguka tu mahali pamoja kama yetu kule Ngomo.

John Blenkinsop, kule Leeds, akakwepa swali lote. Mwaka 1811 alichukua hataza ya reli yenye meno ubavuni na gurudumu lenye meno la kuyakamata, na mwaka 1812 mashine zake zikaanza kuvuta makaa. Ilifanya kazi vizuri, tusimcheke. Anayestahili kuchekwa kidogo ni William Brunton, ambaye mwaka 1813 alitengeneza mashine yenye miguu miwili nyuma ya kusukuma ardhi, mfano wa farasi.

Anayenigusa mimi ni William Hedley, msimamizi katika mgodi wa Wylam, karibu na Newcastle. Yeye hakubishana. Alitengeneza kigari cha kujaribia, akapandisha watu wa kuzungusha magurudumu kwa mikono, bila mvuke wowote. Akakipakia uzito, akafunga mabehewa ya makaa nyuma yake, akaongeza mabehewa mpaka magurudumu yakateleza. Kisha akabadilisha uzito, akaanza tena. Kwa njia hiyo alijua uzito gani juu ya magurudumu yanayozungushwa unavuta mzigo gani. Kutoka hapo ikazaliwa Puffing Billy, mashine ambayo leo iko katika jumba la makumbusho ya sayansi la London. Hata yenyewe ilivunja reli mwanzoni, ikabidi iongezewe magurudumu yawe manane ili kugawa uzito, na baadaye njia ilipoimarishwa ikarudishwa kwenye manne.

Someni tena: uzito juu ya magurudumu *yanayozungushwa*. Hapo njo nilipoangukia. Fomula yangu ilikuwa sawa kwa gari ambayo magurudumu yote manne yanasukuma. Pikapu ya mjomba inasukuma kwa nyuma tu, na injini yote imekaa mbele. Bila mifuko, sehemu kubwa ya uzito ilikalia magurudumu ambayo hayafanyi kazi. Mifuko sita haikuwa inaongeza uzito tu, ilikuwa inauhamisha.

Wakulima wa Marekani nao walipita hapo. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ilianza kuuza trakta zenye mipira ya hewa badala ya magurudumu ya chuma. Mipira ilikuwa mizuri barabarani, lakini shambani ilikuwa myepesi kuliko chuma. Basi watu wakazoea kuijaza maji ndani, yaliyochanganywa na chumvi ya kalsiamu ili yasigande wakati wa baridi.

Turudi kwenye kagari kangu. Mchezo wa kupandisha mawe kwa telekomandi ulikua Marekani kutokana na magari yaliyotengenezwa kwa kazi nyingine. Moja iliyopendwa sana ni Clod Buster ya Tamiya, ya Japani, iliyotoka mwaka 1987, kwa sababu kila ekseli ina mota yake, uzito unakaa chini. Mwaka 2007 kampuni ya Axial ikatoa AX10, iliyotengenezwa kwa mawe tangu mwanzo. Wenye magari haya wakagandisha risasi ndani ya rimu, na siku hizi zinauzwa hata sehemu za shaba iliyochanganywa na zinki. Wenye magari ya mbio wangelia kuona hivyo, maana wao wanatafuta gurudumu jepesi. Lakini anayetembea polepole hana hasara hiyo.

Lakini gari hii inasukuma kwa magurudumu yote manne. Kwa nini basi mbele? Nikakaa na kalamu. Gari ya kilo 2.5, sentimita 30 kati ya ekseli, kitovu cha uzito katikati na kimo cha sentimita 8. Kwenye mpando wa digrii 45, magurudumu ya mbele yanabeba karibu asilimia 23 tu ya mkandamizo. Mengine yote yamekimbilia nyuma. Ongeza gramu 200 katika kila gurudumu la mbele, inapanda kufika asilimia 31, na pembe ya kupinduka kinyumenyume inatoka digrii 62 kwenda karibu 66. Ukiweka uzito uleule juu ya paa, unaharibu. Ndani ya gurudumu uko chini, na hata springi haziuhisi. Mpira laini nao unahitaji kukandamizwa ili uingie katika mikunjo ya jiwe.

Nilitoa risasi, nikajaribu gari juu ya rundo la mawe ya ujenzi nyuma ya nyumba. Ikainua pua, ikaanguka chali. Nikairudisha risasi, ikapita.

Jumapili nilimwonyesha mjomba. Alitazama mara tatu bila kusema kitu, kisha akaomba telekomandi. Baadaye akauliza kwa nini huyu Mmarekani ameweka mzigo mbele na yeye anaweka nyuma. Nikamwelezea, safari hii bila karatasi. Akasema sawa, lakini Jumanne anaenda Uvira, na mifuko nitapakia mimi.