Mpako wa Kauri katika Injini za Ndege

Msomaji, bila shaka umepata kuona birika la bati lililopakwa rangi nyeupe ing'aayo. Likiwa jipya hupendeza machoni. Lakini likiisha kutelekwa na kuepuliwa siku nyingi, mpako wake hufanya nyufa, hubanduka, na chuma kilichofichwa chini yake huota kutu. Chuma na mpako vimegandamana, lakini kila kimoja kina tabia yake: kipatapo moto chuma hutanuka sana, na mpako hutanuka kidogo. Taabu ya birika hilo ndiyo iliyowasumbua wahandisi wa injini za ndege tangu miaka ya 1940.

Ndege ya kwanza kuruka kwa injini ya turbini ilikuwa Heinkel He 178 ya Ujerumani, tarehe 27 Agosti, 1939. Katika injini ya namna hiyo hewa husongwa, mafuta huchomwa ndani yake, na gesi ya moto hutoka kwa kasi ikizungusha gurudumu lenye mapanga madogo ya chuma. Kadiri gesi inavyozidi moto, ndivyo injini inavyoweza kufanya kazi kubwa kwa mafuta machache. Katika injini za leo gesi hiyo hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, na chuma cha nikeli ambacho mapanga yametengenezwa kwacho huyeyuka kabla ya nyuzi 1,400! Huokolewa na hewa baridi ipitayo katika vinjia vya ndani, pamoja na ngozi ya kauri yenye unene wa karatasi mbili tatu. Ngozi ikibanduka, panga hubaki uchi mbele ya moto, na abiria walioketi juu ya mawingu hawana habari.

Mipako ya kwanza ilikuwa ndugu wa ule wa birika. Mapema katika miaka ya 1940 Ofisi ya Taifa ya Vipimo ya Marekani iliitengeneza kwa ajili ya mabomba ya moshi ya ndege. Katika miaka ya 1960 injini ya roketi ya ndege ya X-15 ilipakwa zirkonia, kauri isiyopitisha joto kwa wepesi. Lakini roketi ile iliwaka kwa muda mfupi tu kila safari; injini ya abiria hutakiwa kuvumilia maelfu ya saa, na kuwashwa na kuzimwa mara zisizohesabika.

Zirkonia tupu ina ila kubwa. Ipoapo kutoka katika joto kuu, chembe zake hubadili umbo na kutanuka ghafula, ikapasuka. Mafundi waliichanganya na chokaa au magnesia ili itulie, lakini kwa kukaa motoni dawa hizo zilijitenga nayo, na ila ikarudi.

Katika miaka ya 1970, katika kituo cha NASA kilichoitwa Lewis, mjini Cleveland, Curt Liebert na Stephan Stecura walitumia dawa nyingine, itria. Chini ya kauri waliweka tabaka la nikeli, krome, alumini na itriamu, lipate kushikamana na chuma na kukizuia kisiliwe na hewa. Mwaka 1976 ilitolewa taarifa ya mapanga yaliyopakwa hivyo na kujaribiwa katika injini ya J-75: yaliwashwa na kupozwa mara 500, na mpako ukashika.

Itria iliyotumika ilikuwa sehemu 12 katika 100. Je, ukiongeza dawa si ndiyo kuongeza nguvu? Stecura alipima viwango mbalimbali, na mwaka 1978 akaonyesha kuwa mpako uliodumu kuliko yote ulikuwa na sehemu 6 hadi 8 tu. Kwangu mimi, hiki ndicho kisa kizuri kuliko vyote katika habari hizi, maana hakikuhitaji mashine mpya, bali mizani na subira. Kipimo hicho kingali kikitumika duniani kote.

Katika miaka ya 1980 kauri ilianza kugeuzwa mvuke na kugandishwa juu ya mapanga yazungukayo, ikasimama kama mabua ya mtama shambani. Panga likitanuka, mabua huachana kidogo bila kuvunjika.

Hata hivyo nafasi za mabua hayo ni mlango kwa adui mwingine. Mchanga na majivu ya volkano huyeyuka injinini yakawa kama kioo. Tarehe 24 Juni, 1982, ndege ya British Airways iliingia katika majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java, injini zake zote nne zikazimika. Marubani walifaulu kuziwasha tena baada ya kushuka chini sana. Kioo hicho, kikipenya katika kauri kisha kikapoa, huigandisha na kuibandua. Ndiyo sababu baadhi ya wahandisi sasa huweka juu tabaka la zirkonia yenye gadolini, ambalo huungana na kioo kile na kukigandisha mlangoni. Lakini tabaka hilo haliwezi kukaa vema moja kwa moja juu ya chuma. Chini yake hutandikwa ile ile zirkonia ya Stecura.