Manowari Mezani: Shizuoka na Kumbukumbu ya Plastiki

Agosti 1945, siku zile Japani ilipokuwa ikijiandaa kusalimu amri, jeshi lake la majini lilianza kuchoma karatasi. Hati, picha na michoro ya siri vilitiwa kiberiti kabla Wamarekani hawajafika. Sehemu kubwa ya michoro ya Yamato ilipotelea humo. Hiyo ndiyo iliyokuwa manowari kubwa ya mizinga kuliko zote zilizowahi kuundwa duniani: mita 263 kutoka tezi hadi omo, na mizinga 9 ambayo midomo yake ilikuwa na upana wa sentimita 46. Yenyewe ilikwishazama tarehe 7 Aprili mwaka huohuo, ikiwa njiani kwenda Okinawa, ikazama na mabaharia wapatao 3,000. Meli ilikuwa chini ya bahari, na karatasi zake zikawa majivu.

Tena ilikuwa siri tangu mwanzo. Pacha wake, Musashi, alipokuwa akiundwa Nagasaki, eneo zima lilifunikwa kwa mapazia makubwa ya kamba za nyuzi za mtende, ili hata anayeishi mlimani ng'ambo ya bandari asione kinachoendelea. Wajapani wa kawaida walilisikia jina la Yamato baada ya vita kwisha.

Leo mtu yeyote mwenye subira anaweza kununua kasha la vipande vya plastiki akaiunda Yamato mezani kwake, mzinga kwa mzinga, mlingoti kwa mlingoti. Njia iliyoitoa kwenye majivu ikaifikisha hapo inapita katika mji wa Shizuoka, na inaanzia kwenye mbao.

Shizuoka ni mji wa pwani, katikati ya Tokyo na Nagoya, mahali ambapo Mlima Fuji huonekana siku za anga safi. Wenyeji husimulia kwamba katika karne ya 17 watawala wa ukoo wa Tokugawa walikusanya mafundi kutoka pande zote za nchi kuja kulijenga hekalu la Sengen. Kazi ilipokwisha, wengi hawakurudi makwao. Walioa, wakazaa, wakawarithisha watoto wao useremala, uchongaji na upakaji wa rangi ya laki. Mji ukajulikana kwa samani, masanduku na wanasesere. Sisi tuliozaliwa jirani na mafundi wa milango ya Zanzibar na waunda majahazi wa Lamu hatuhitaji kuelezwa jinsi ujuzi wa mikono unavyokaa mahali ukawa kama maji ya kisima: anakuja mtu mwingine, anachota.

Mmoja wa waliochota ni Aoshima Jiro, mtu wa ndege, aliyeanzisha karakana yake hapo mwaka 1924. Baadaye ikageukia ndege za mfano. Hasegawa ikafuata mwaka 1941, ikiunda vifaa vya mbao vya shule. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa fani hii hulipita haraka, nami naona tusilipite. Wakati wa vita, kuunda ndege ndogo za mbao kulifundishwa katika shule za msingi za Japani, kwa sababu taifa lilitaka marubani na mafundi. Mkono wa mtoto ulizoezwa kwa msasa na gundi, na akili yake ikielekezwa angani. Ufundi huu haukuzaliwa ukiwa mchezo mtupu.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 1945, ndege za Marekani za B-29 ziliuchoma mji wa Shizuoka. Mwaka uliofuata, Tamiya Yoshio alifungua kiwanda cha kupasua mbao. Mji uliokuwa ukijijenga upya ulizihitaji. Hazikupita siku nyingi kiwanda hicho kikaanza kuunda pia meli na magari ya mfano. Mwaka 1951 moto ukakiteketeza, na kilipoinuka, polepole biashara ya mbao za ujenzi ikaachwa, modeli zikabaki. Modeli za wakati ule zilimtaka mtoto kazi ya kweli. Ndani ya kasha alikuta kipande cha mti kilichochongwa nusunusu, vijiti, misumari na karatasi ya mchoro. Umbo la meli alilitoa mwenyewe kwa kisu.

Kisha ikaja plastiki. Modeli za plastiki za Marekani zilikuwa zimeanza kuonekana madukani Tokyo, na mwishoni mwa mwaka 1958 kampuni ya Marusan ikatoa ya kwanza iliyotengenezwa Japani kwenyewe, nyambizi ya Marekani, Nautilus. Watengenezaji wa mbao wa Shizuoka wakajikuta wanaachwa nyuma. Tamiya wakaamua kuingia kwa kishindo, na meli waliyoichagua mwaka 1960 ilikuwa Yamato, kwa skeli ya 1/800. Hasara waliyoipata ilikuwa kubwa. Kalibu ya chuma iligharimu fedha nyingi, na mshindani akatoa Yamato yake kwa bei ya chini. Kampuni ikarudi kwa muda kwenye mbao ili ipate pumzi.

Kilichowainua ni kifaru cha Kijerumani, Panther, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kasha lake lilichorwa na Komatsuzaki Shigeru, msanii ambaye wavulana wa Japani walimjua kutokana na picha zake magazetini: vumbi, moto, chuma kikija mbele ya macho. Ndani mlikuwa na mota, kwa hiyo kifaru kilitembea chenyewe sakafuni. Panther hiyo ndiyo iliyozaa skeli ya 1/35, ambayo leo ndiyo kipimo kikuu cha vifaru vya mfano dunia nzima. Hakuna hesabu ya kijeshi wala ya kihandisi nyuma yake. Mbunifu alitaka mwili wa kifaru upate nafasi ya betri mbili, akaukuza mpaka zikaenea. Walipokuja kupima, ukubwa ukaangukia karibu na 1/35. Kila ninapoona meza ya maonyesho imejaa vifaru vya mataifa yote, vyote kwa kipimo kimoja, nazikumbuka betri mbili zile.

Moyo wa kazi yote ni kalibu. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu kati ya mabamba mawili ya chuma yaliyochongwa, ikapoa kwa sekunde chache, ikatoka ikiwa kiunzi chenye vipande vilivyoning'inia kama matunda matawini. Kosa la nusu milimita kwenye chuma litarudiwa katika kila kasha litakalouzwa. Ndiyo maana kampuni za Shizuoka zilianza kujifundishia wachonga kalibu wao wenyewe, na ndiyo maana Tamiya Shunsaku, mtoto wa mwanzilishi, alisafiri mpaka Aberdeen huko Maryland, Marekani, kuvipiga picha vifaru vilivyotekwa vitani, kila pembe, kila nati. Mchonga kalibu hawezi kuchonga asichokijua.

Mwaka 1971 ikaja hatua ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kampuni nne za mji mmoja, Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, wapinzani wa kila siku, zilikaa pamoja zikagawana jeshi zima la majini la zamani. Huyu achukue manowari hizi, yule achukue zile za kubebea ndege, mwingine achukue za kusindikiza. Zote kwa skeli ya 1/700, na zote zikatwe usawa wa maji, ili zikae mezani kama zinavyokaa baharini. Kwa kipimo hicho Yamato ina urefu wa sentimita 37 na ushei. Fujimi ilijitoa mwaka 1992, lakini msafara uliendelea. Meli ambazo hazikuwa na umaarufu wowote, za doria na za mizigo, zikapata umbo tena.

Lakini umbo lilitoka wapi, ikiwa michoro iliungua? Lilitoka kwa watu waliookoa kilichobaki. Fukui Shizuo, aliyekuwa mhandisi wa meli katika jeshi hilo la majini, alitumia maisha yake kukusanya picha na karatasi za meli za Japani mpaka alipofariki mwaka 1993. Hazina yake sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Kure, mji ilikoundwa Yamato. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 2005, na ukumbini mwake imesimama Yamato ya skeli ya 1/10, yenye urefu wa mita 26.3. Mabaki ya meli yenyewe yaligunduliwa mwaka 1985. Watafiti waliporudi mwaka 1999 walilipima ua la krisanthemamu, nembo ya mfalme iliyokuwa kwenye omo. Kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa na upana wa mita 1.5. Ilikuwa mita 1. Modeli zilizofuata imani hiyo zilikuwa na ua kubwa mno.

Huenda msomaji akaona hayo ni mambo madogo. Mimi nayaona ndiyo historia yenyewe inavyofanya kazi. Chukua rangi. Kila kiwanda kikuu cha meli cha jeshi la majini, Kure, Sasebo, Maizuru, kilikuwa na kijivu chake, na leo rangi hizo zinauzwa kwenye makopo yenye majina hayohayo, ili muundaji asiipake meli ya Sasebo kijivu cha Kure. Sitaha za manowari nyingi zilifunikwa kwa linoleamu ya rangi ya udongo, ikabanwa kwa vipande vyembamba vya shaba ya njano. Kwenye 1/700 vipande hivyo ni michirizi myembamba kuliko unywele, na wapo wanaoipaka mmojammoja. Ndege ya kivita ya Japani, Zero, imezua mjadala wa miongo kadhaa: kijivu chake kilielemea kijani au kahawia? Watu wamekagua vipande vya bati kutoka kwenye mabaki ili kupata jibu. Na ni kwa kusoma habari za Zero ndipo utakapojua kwamba ile ya kwanza kabisa, mwaka 1939, ilipelekwa uwanjani kwa majaribio ikiwa imepakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, kwa sababu barabara kutoka Nagoya zilikuwa mbovu.

Kasha la vipande, basi, ni hifadhi ya nyaraka. Lina mipaka yake, hata hivyo. Linahifadhi chuma. Mabaharia 3,000 wa Yamato hawamo, wala hawamo waliokuwa upande wa pili wa mizinga, na hapo ndipo pwani yetu inapoingia.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Ndani yake mlikuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, manesi, mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, na watu 1,297 wakafa. Manowari za Uingereza zikaizamisha I-27 siku hiyohiyo. Nyambizi nyingine, I-16, ambayo Tamiya wanaiuza kwa skeli ya 1/700, ilikuwa miongoni mwa zilizoishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, mwishoni mwa Mei 1942. Vyombo vidogo vya watu wawiliwawili viliachiliwa kutoka migongoni mwa nyambizi. Manowari ya Uingereza, Ramillies, ikaharibiwa na meli ya mafuta ikazamishwa. Chombo cha namna hiyo kilikuwa na urefu wa mita 24 hivi. Kwa skeli ya 1/700 ni milimita 34, kifupi kuliko njiti ya kiberiti.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni kindege. Fujimi wana kasha la E14Y kwa skeli ya 1/72: injini moja, viti viwili, maboya mawili ya kuelea, mabawa ya sentimita 15 kutoka ncha hadi ncha. Ndege halisi ilibebwa na nyambizi, ikiwa imefunguliwa vipande ndani ya banda lisiloingia maji. Mwezi Mei 1942 nyambizi I-30 ilikuwa ikiambaa na pwani ya Afrika, na ndege yake ikatumwa kuzipeleleza Zanzibar na Dar es Salaam. Mombasa waliitazama kwa darubini ya nyambizi.

Nilikuwa nimeshagandisha mwili wake na ninasubiri gundi ikauke nilipotambua ninachokifanya. Bawa la kushoto nimelishika kwa kibano. La kulia liko juu ya gazeti, na maboya yake pembeni. Wale vijana wa I-30 walifanya hivyohivyo. Nyambizi iliibuka, wakatoka sitahani haraka, wakavitoa vipande bandani: mwili, mabawa, mkia, maboya. Wakaviunga kwa mikono, meli ikiyumba, macho yao yakichunga upeo wa bahari kuangalia kama kuna doria ya Waingereza. Kisha ndege ikarushwa kuelekea kisiwani, ikatazama, ikarudi baharini, ikavutwa juu, ikafunguliwa tena kipande kwa kipande.