Goti la mchezaji wa badminton
Carolina Marín wa Hispania, bingwa wa Olimpiki mwaka 2016, alikatika kano ya goti la kulia mwaka 2019, la kushoto mwaka 2021, kisha la kulia tena katika nusu fainali ya Paris mwaka 2024.

Wapinzani hutenganishwa na wavu, hivyo si rafu inayoumiza. Goti huumia mchezaji anapotua kwa mguu mmoja nalo likapinda kuelekea ndani. Kinga ni kuimarisha misuli ya paja na nyonga, na kujizoeza kutua goti likiwa limekunjwa kidogo.

Ukisikia mlio na goti likavimba ndani ya saa chache, acha mchezo, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, umwone daktari. Kulikanda siku hiyo, kama wengi wapendavyo, huzidisha uvimbe. Baada ya upasuaji, wataalamu hushauri kusubiri takriban miezi tisa.