Maji na Nguzo za Zege

Msomaji, pengine umesoma kwamba katika nchi za baridi kali maji ni adui wa majengo. Maji yagandapo kuwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika kila 100. Zege, hata likiwa gumu namna gani, lina vitundu vidogo sana vinavyofyonza maji. Usiku maji hayo huganda na kulisukuma zege kutoka ndani. Mchana huyeyuka na kujaza nyufa zilizofunguka, na usiku wa pili kazi huanza upya. Katika miaka ya 1930 wajenzi wa barabara huko Marekani waliona kuwa zege lenye viputo vidogo vya hewa ndani yake hustahimili baridi kuliko jingine, kwa kuwa barafu hupata pa kutanukia.

Kwetu barafu ya namna hiyo hupasua miamba juu ya Mlima Kenya, wala haishuki hata mitaa ya mashariki ya Nairobi. Huku maji hupita njia nyingine. Ndani ya nguzo mna fito za chuma ziitwazo nondo, na zege jema huzilinda zisipate kutu. Lakini fundi akizidisha maji ili mchanganyiko umiminike upesi, maji ya ziada yakikauka huacha vijia vingi, na mvua na hewa hupenya mpaka kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, nayo husukuma kama barafu. Ukiona doa la kahawia likifuata ufa wa nguzo, jua kwamba kazi hiyo imekwisha anza.

Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa katika miaka ya 1940, zilikuwa za mawe, nazo hazikuwa na ghorofa. Baadaye watu walizidi, ardhi ikawa haba, na wenye viwanja wakajenga kwenda juu; nguzo ya chini ikawabebea jamaa wote walio juu yake. Ujenzi huo ulihitaji saruji nyingi na mkaguzi mkali. Mara nyingi vyote viwili vilikosekana.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa 6 lililokuwa kando ya mto huko Huruma lilianguka. Watu 52 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku 3 na zaidi, na tarehe 5 Mei waokoaji walipata watu wengine 4 walio hai chini ya kifusi. Wengi waliilaumu mvua. Mimi naona mvua ilisingiziwa, kwa maana hunyesha kila mwaka, na maofisa wenyewe walisema jengo lilikuwa halina idhini, tena lilikwisha amriwa kubomolewa.

Baadaye wakaguzi walipita mitaani wakitia alama ya X kwenye majengo mabovu. Katika baadhi yake wapangaji waliendelea kulala, kwa sababu hawakuwa na fedha za kupanga kwingine.