Shoka, Msumeno na Mche: Habari za Kazi ya Miti Katika Nchi Yetu

Wazee husema, Mti hauendi ila kwa nyenzo. Maana yake, gogo likiisha kuangushwa porini halisogei kwa mikono mitupu. Lazima watu wakate miti mingine ya kulitegea na kulibingirishia. Katika kitabu hiki cha Yubilei wenzangu wameandika habari za mapadre, za shule na za makanisa. Mimi nimeombwa kuandika habari za nyenzo zenyewe, yaani vyombo vya watu wakatao miti na kupasua mbao. Maana mlango wa kanisa, benchi la shule na mtumbwi wa mvuvi, vyote vilianza kwa shoka.

Zamani mashoka ya nchi hii yalitoka kwa Walongo, mafundi wa chuma wa upande wa Geita na Uzinza. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha katika tanuri kwa moto wa mkaa na kwa mivuo, kisha wakafua majembe na mashoka. Basi tazameni: ili shoka moja lizaliwe, ilipasa miti ikatwe kwanza ipate kuwa mkaa. Shoka hilo lilikuwa jembamba, na mkia wake ulipenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, hata kila pigo lilizidi kulikaza. Mtu alikata nalo mti mnene kutwa nzima, na pengine alirudi siku ya pili. Kwa sababu hiyo alichagua sana. Mti asiouhitaji hakuugusa, maana jasho lake mwenyewe lilimkataza.

Mwishoni mwa mwaka wa 1878 Mapadre Weupe wa kwanza walifika Kageye, pwani ya ziwa, mahali pale pale ambapo Stanley mwaka wa 1875 aliunganisha mashua yake iliyobebwa vipande vipande na wapagazi. Mwaka wa 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakavuka ziwa kwenda Buganda. Mwaka wa 1883 ikaanzishwa misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mkolani kwetu. Misheni haikai bila paa, wala shule bila mabenchi, wala ziwa halivukwi bila mbao. Ndipo msumeno ulipoanza kuenea, pamoja na randa, patasi, keekee na tupa, na vijana wengi wakajifunza useremala.

Marehemu baba yangu alikuwa mpasuaji mbao katika misitu ya Geita, nami nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula. Kwanza waliliviringisha gogo la mninga kwa nyenzo mpaka juu ya shimo, wakalitilia kabari lisicheze. Kisha wakachovya uzi katika maji ya masizi, wakauvuta toka ncha hata ncha, wakauinua na kuuachia: ta! Mstari mweusi ukabaki. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake akashuka shimoni. Wa juu aliuongoza msumeno na kuuinua. Wa chini aliuvuta, maana meno yake hukata unaposhuka. Unga wa mbao ulimwangukia wa chini machoni na puani kutwa nzima. Jioni baba alikaa na tupa akinoa jino moja moja, wala hakutaka kusemeshwa.

Siku moja walikuwa na haraka ya kumaliza kazi ya mtu, wakaacha kabari moja. Gogo likageuka, likaponda mkono wa mwenzake baba, na tangu siku ile hakushika tena msumeno. Baba alinifundisha neno ambalo sijalisahau: “Mwanangu, katika kazi hii haraka ndiyo iuayo.” Nilidhani asema habari za watu tu. Sasa najua kwamba neno lake lafaa kwa misitu pia.

Maana haraka ilizidi kuja. Meli za moshi zilipoanza kupita ziwani, na reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka wa 1928, kuni zilihitajika kwa mitambo ya moshi, si kwa jiko la mama peke yake. Huko Ujerumani, mwaka wa 1926, Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo uendeshwao kwa umeme, na baadaye ukaja wa petroli. Ile ya kwanza ilikuwa mizito, ikataka watu wawili. Ya leo mtu mmoja huibeba begani. Mti uliomshinda babu kutwa nzima, mjukuu huuangusha kabla chai haijapoa.

Hapa yanipasa nisimulie jambo kubwa lililotokea kwa majirani zetu wa Shinyanga. Katika miaka ya 1920 mbung'o, ambao huku twawaita ndorobo, walikuwa wakiua ng'ombe na kuleta malale kwa watu. Bwana Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini, alijua kwamba mdudu huyu hutaka kivuli cha kichaka. Basi watemi wakaita watu, wakatoka kwa maelfu, kila mmoja na shoka lake, wakafyeka pori. Mbung'o wakarudi nyuma, malisho yakapatikana, ng'ombe wakaongezeka. Wazee wale hawakukosa; waliokoa watoto wao na mifugo yao.

Lakini shoka halikurudishwa darini. Baada ya ndorobo, likafyeka kwa ajili ya pamba, kisha kwa ajili ya kuni na mkaa. Zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika, majani yaote, yafunguliwe kiangazi. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi zikaachwa. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa vumbi tupu, na akina mama walikwenda mbali sana kutafuta mzigo mmoja wa kuni.

Mwaka wa 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Watu hawakuletewa mashine kubwa. Walikumbushwa ngitili yao. Wakafunga tena malisho, wakaacha visiki vichipue vyenyewe, wakapanda palipokosa visiki. Baada ya miaka kama 15 ngitili zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka wa 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa. Ndege wakarudi, na asali, na dawa za miti shamba, na kuni karibu na nyumba.

Kazi ya kupanda nayo ina vyombo vyake. Tangu mwaka wa 1937 chuo cha misitu cha Olmotonyi, karibu na Arusha, kimefundisha mabwana misitu. Kwetu ziwani yako mashamba ya miti ya serikali: Rubya katika kisiwa cha Ukerewe, na Buhindi upande wa Buchosa. Huko vyombo vya kwanza ni kiriba, chepeo na kopo la kumwagilia. Mche hulelewa kitaluni, hupandwa mvua zinapoanza, hupaliliwa, hupogolewa matawi, kisha miti hupunguzwa ili iliyobaki inenepe. Msonobari hutaka miaka kama 20 au 25 kabla ya kupasuliwa mbao. Mninga wa porini hutaka maisha ya mtu mzima na zaidi.

Basi, ndugu wapenzi, na hasa ninyi walimu, habari yote ni hii. Shoka la Mlongo lilikata kwa siku, msumeno wa mnyororo hukata kwa dakika. Lakini hajatokea fundi, wa Ulaya wala wa kwetu, aliyetengeneza chombo cha kuukuza mninga kwa dakika. Kila chombo kipya kimefupisha kazi ya kukata. Kazi ya kungoja imebaki vile vile. Zamani jasho lilimzuia mtu asikate ovyo. Leo hakuna kimzuiacho ila akili na moyo wake.

Hapa Mkolani nyumba zapanda kila mwaka kwenye vilima vyetu vya mawe, na magunia ya mkaa hupita barabarani kila asubuhi. Twasikia sana neno hili, “Kata mti, panda mti.” Lakini kupanda si kuchomeka mche siku ya sherehe na kuuacha kwa mbuzi. Kila shule iwe na kitalu chake, na kila mtoto apewe mche mmoja wa kumwagilia mpaka amalize darasa la saba. Atakapoondoka shuleni, mti wake utakuwa umempita kimo. Hapo atajua, bila kuhubiriwa, kwa nini babu alichagua kabla ya kuinua shoka.